Kobe Aliyekataa Majani

Mwaka juzi familia moja iliyokuwa ikihama hapa Houston ilituachia kobe mwenye madoa kama ya chui, wa jamii ileile tunayoiona ikikatiza barabara kwenye nyika za Dodoma na Singida. Huyu lakini alizaliwa kwa mfugaji wa hukuhuku, kwa kuwa Marekani ilipiga marufuku kuingiza kobe wa jamii hiyo mwaka 2000, kwa hofu ya kupe wanaoeneza ugonjwa wa mifugo. Alikuwa na uzito wa kilo 3, na tangu utotoni alikuwa amelishwa saladi nyeupe ya dukani, tango, nyanya na stroberi. Watoto wangu walimwita Mwinyi, kwa sababu alipowekewa majani aliyakanyaga, kisha akaenda kukaa pembeni kungoja matunda.

Kobe wa jamii hii kwa asili ni mla nyasi. Katika utumbo wake mpana wamo vijidudu wanaochachusha nyuzinyuzi, na sukari nyingi ya matunda huwavuruga hata mnyama akaharisha. Saladi nyeupe karibu yote ni maji. Spinachi nayo, ambayo wengi huidhani bora, ina asidi ya oksaliki inayoizuia kalsiamu isimfikie, ilhali mifupa na gamba lake huhitaji chakula chenye kalsiamu inayozidi fosforasi angalau mara mbili.

Kosa langu la kwanza lilikuwa haraka. Nilimwondolea matunda yote kwa mara moja, nikamrundikia nyasi kavu; akagoma siku nne, mke wangu akanilaumu kwamba ninamtesa kiumbe wa watu, na siku ya tano nikampa stroberi. Mwinyi akajifunza kwamba akisubiri kidogo, mimi ndiye nitakayeshindwa.

Daktari wa wanyama niliyempelekea hakuanza na chakula, bali aliniuliza joto la banda. Nilipopima chini ya taa nikakuta nyuzi 26 tu, naye alitaka kati ya 32 na 35, pamoja na taa ya mionzi ya urujuanimno ambayo bila yake mwili wa kobe anayekaa ndani hauwezi kutengeneza vitamini D ya kutumia hiyo kalsiamu. Kobe aliyepoa hawezi kumeng'enya vizuri, na hamu ya kula humwondoka. Tuliporekebisha taa na kuanza kumlowesha asubuhi katika maji ya uvuguvugu, alianza kuzunguka akinusanusa, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Ndipo nikaanza upya, polepole. Nilikata ukoka mbichi kwa mkasi, vipande vidogo sana, nikauchanganya na nyanya iliyopondwa hadi kila jani likashika harufu yake. Udogo huo ndio siri yenyewe, kwani vipande vikiwa virefu huchambua anachokipenda na kuacha kingine, kama mtoto anayetoa vitunguu kwenye mchuzi. Juma la kwanza ukoka ulikuwa robo tu ya mlo, kisha nikauongeza kila juma, na kufikia juma la nane nyanya ilibaki ya kupakwa tu. Nilimlisha baada ya kuota joto kwa saa nzima, na mabaki niliyaondoa jioni bila kumbadilishia chakula.

Kilichotusaidia zaidi ni mpungate, mmea wa miiba wa jamii ya kaktasi, ambao hapa Texas umejaa. Nilichoma miiba, nikakata vipande, akavipokea siku hiyohiyo; vivyo hivyo maua mekundu ya hibiskasi na majani ya mforsadi. Angalieni tu mnakochuma, maana jirani yangu hupulizia dawa ya magugu uani kwake, na upande ule wa uzio siugusi.

Kila Jumamosi nilimpima kwa mizani ya jikoni. Alipungua gramu 40 katika majuma mawili ya mwanzo, kisha akaanza kupanda. Angeendelea kupungua, au angetoa makamasi ama kuvimba macho, ningeacha zoezi na kurudi kwa daktari. Na kobe mchanga asiachwe na njaa hata kidogo kwa ajili ya kumfundisha.

Sasa Mwinyi hukata ukoka mwenyewe uani tangu jua likichomoza. Nyanya zangu lakini nimezizungushia wavu, kwa kuwa kila zinapoiva yeye hukaa mbele ya wavu huo mchana kutwa.