Eti na Martin Luther King alikopi?

Asalam aleykum mhariri, ticha wetu skuli hapa Wete katwambia hata Martin Luther King, yule mpigania haki za weusi Marekani, alikopi maandishi ya watu, kweli au maneno ya barazani tu?
– Msomaji, Wete

Waaleykum salaam mwanangu. Kweli, ni ile tasnifu yake ya 1955, andiko la utafiti la kupatia digrii ya PhD, chuo chenyewe, Boston University, kiliunda kamati na 1991 wakasema kachukua vipande vya watu bila kuwataja vizuri, ila digrii hawakumvua, wakaambatisha barua tu kwenye nakala ya maktaba. Mwenyewe kashauawa tangu 1968, sasa angejibu nani? Guttenberg, aliyekuwa waziri wa ulinzi wa Ujerumani, naye alikopi kwenye tasnifu yake, yeye 2011 digrii ikenda na uwaziri ukenda, na mwanzo alikuwa anakataa katakata yule! Mimi naona King kaonewa huruma kwa makubwa aliyofanya, ticha wenu hajakosea.