Kwa nini delta ya Nile inazama?

SWALI: Habari za kazi mhariri, mi niko Pasua hapa Moshi, mwanangu kaniuliza mbona Nile ikikaribia baharini inagawanyika kama vidole afu eti ile ardhi inazama, nimekosa jibu. Ni kweli?
Mama wa Pasua

JIBU: Ni kweli mama, na mwanao kauliza swali zuri sana. Ile ardhi ya tope mto unapogawanyika kabla ya bahari ndo inaitwa delta. Mto ukikimbia unabeba mchanga na tope, ukikuta maji yaliyotulia unaishiwa nguvu, mchanga mzito unatua kwanza, tope laini linaenda mbele zaidi. Mpeleke bwawa la Nyumba ya Mungu pale mto Kikuletwa unapoingia, mambo ni yale yale ila kwa udogo. Sasa tope likijaa mto unajiziba wenyewe, mafuriko yakija unatafuta njia nyingine, ndo vidole hivyo. Wagiriki wa kale waliandika Nile ina midomo saba, leo imebaki miwili mikubwa, Rashid na Dumyat.

Kuhusu kuzama, tope bichi limejaa maji, linalaliwa na tope jingine juu yake kwa maelfu ya miaka, maji yanakamuka, ardhi inashuka. Zamani mafuriko ya kila mwaka yalifidia kwa kuleta tope jipya. Ila bwawa la kwanza la Aswan, kule juu ya mto Misri, lilikamilika 1902, lile kubwa likakamilika 1970, tope karibu lote likabaki nyuma ya ukuta, na kule Rashid bahari imeshakula kilometa kadhaa za ufukwe. Inaniuma kwa kweli, maana chumvi inaingia mashambani, na mkulima wa mpunga wa Chekereni anajua jaruba likiingia chumvi inakuwaje.