Mwacheni Mama Afagie Uwanja

Mama yetu ana miaka 68. Tumemtoa kijijini, tumemwekea dada wa kazi, lakini kila asubuhi tunamkuta kashika ufagio. Tumkataze vipi?

Msimkataze. Barua za namna hii hazinikauki, na zote zimeandikwa kwa mapenzi. Hapo ndipo penye tabu. Mama aliyezoea kuinama shambani na kubeba ndoo kichwani mnamketisha kwenye sofa linalommeza, halafu baada ya mwaka mnashangaa anashika meza ndipo ainuke. Paja lisilofanya kazi hunyauka, na uzeeni hunyauka upesi. Lakini hurudi. Mwaka 1990, huko Boston, Marekani, watafiti walichapisha matokeo ya wazee 10 wenye wastani wa miaka 90 waliofanyishwa mazoezi ya uzito wa miguu kwa wiki 8. Nguvu za mapaja zilizidi maradufu. Miaka 90!

Mpimeni leo. Kiti kigumu kisicho na mikono, kiegemee ukuta. Akunje mikono kifuani, asimame na kuketi kwa sekunde 30, mmoja wenu awe karibu. Kwa mwanamke wa umri wake, chini ya mara 11 ni dalili mbaya. Nanyi wanawe jaribuni, tuone nani atacheka. Cha kuondoa hapo nyumbani ni mkeka unaoteleza mlangoni pa bafu, si ufagio.

Ni lazima nifikishe hatua 10,000 kwa siku?

Hapana. Namba hiyo ilienezwa na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Biashara tu. Shirika la Afya Duniani linahesabu dakika: 150 hadi 300 kwa wiki, mwendo wa kukuhemesha huku bado unaweza kuongea. Linaongeza mazoezi ya nguvu angalau siku 2, na kwa waliofika 65, ya kujenga uthabiti wa mwili angalau siku 3. Hayo mawili kila mtu anayaruka, nayo ndiyo yanayomkinga mzee asianguke.

Nina presha. Naruhusiwa mazoezi?

Jamani, tena? Ndiyo. Dawa usiache, anza taratibu, usibane pumzi unaponyanyua kitu. Kifua kikibana, simama uende hospitali. Ila kama presha yako haijatulia, muone daktari kabla hujaanza.

Nina miaka 63, goti linauma nikipanda ngazi. Nilipumzishe?

Goti lililochakaa linataka misuli ya kulishika, si kitanda. Inuka na ukae kwenye kiti, mara chache chache, kila siku. Likivimba na kuwa la moto, kapimwe. Halafu umechomeka mwishoni, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba unanunua diklofenaki, ile dawa ya maumivu, dukani kila wiki. Dawa hiyo huchubua tumbo, huumiza figo na kupandisha presha. Mwambie daktari, tena wiki hii.

Kuna unga wa kurudisha ujana wa viungo unauzwa WhatsApp. Unafaa?

Hapana. Na usinitumie tena ile video.