Gari linalolowa ndani: kabla ya kupaka silikoni, tafuta maji yanapoingilia

Alfajiri moja ya Februari nilikuwa nateremka kutoka Manyovu kurudi Kigoma mjini. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, mke wangu yuko pembeni, watoto wawili wamelala nyuma. Kioo cha mbele kikajaa ukungu ghafla. Nikakifuta kwa kiganja, na taa za lori lililokuwa linapanda zilipopiga ile michirizi ya mkono wangu, sikuona kitu. Baiskeli yenye mikungu ya ndizi niliiona ikiwa hatua chache mbele yangu. Yule kijana nilimkwepa, lakini mikono ilinitetemeka hadi Mwandiga. Tangu siku hiyo siwezi kumsikia mtu akisema "ni ukungu tu" nikanyamaza.

Tuanze na ukungu ambao si ugonjwa. Hewa yenye joto hubeba mvuke, na mvuke huo ukigusa kioo cha baridi unageuka matone, kama unavyoona nje ya glasi ya maji yaliyotoka kwenye friji. Watu wanne wakiingia wamelowa, na miavuli yao, na kapu la migebuka ya barafu kutoka mwalo wa Kibirizi limo kwenye buti, vioo vitapiga ukungu hata gari likiwa zima kabisa. Hapo bonyeza kile kitufe chenye mchoro wa gari na mshale ili hewa iingie kutoka nje badala ya kuzunguka ndani, elekeza feni kiooni, washa AC. Watu wengi wanadhani AC ni ya kupoza tu, kumbe inakausha hewa pia. Na kabla ya kulaumu chochote pitisha kidole kwenye kioo. Alama isipotokea kwa ndani, ukungu uko nje: AC imekipoza kioo mno na hewa ya nje ina unyevu. Piga wipa, punguza baridi, endelea na safari.

Ugonjwa ni huu: gari limelala limefungwa, halina mtu, halina mzigo, na asubuhi unakuta vioo vimelowa kwa ndani. Maji yamo humo mahali fulani. La kwangu lilikuwa hivyo, pamoja na harufu ya nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi, na mdogo wa watoto wangu akawa anakohoa kila tukipanda.

Fundi wa kwanza alipaka silikoni kuzunguka kioo cha mbele. Nikalipa. Ikanyesha, hali ikawa ileile. Wa pili akasema ni raba za milango, nikanunua raba ya mlango wa kushoto na hela ikaenda. Siwasemi kwamba hawajui kazi. Kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyeinua kapeti, wala mimi sikuwaambia wainue. Nilipoinua mwenyewe upande wa abiria, juu palikuwa na unyevunyevu tu, ila chini yake kuna sponji nene kama vidole vitatu. Nilipoikamua yalitoka maji ya rangi ya chai, karibu robo ya ndoo ya lita 20. Ndiyo yaliyokuwa yanapanda kila usiku na kutua kwenye vioo.

Sasa, penye maji sipo yalipoingilia. Maji hufuata waya, hufuata mkunjo wa bati, yakatuama bondeni. Hata hivyo mahali yalipokusanyika panakupunguzia washukiwa. Yakiwa kwenye shimo la tairi la spea, angalia raba za taa za nyuma na ya mlango wa buti. Yakiwa kando ya kizingiti cha mlango, uliza kama kioo cha mlango huo kiliwahi kutengenezwa. Ndani ya mlango, nyuma ya lile pambo, kuna naironi iliyogandishwa. Mvua inayoshuka na kioo huingia ndani ya mlango kila siku na kutokea kwenye vitundu vya chini, na naironi ndiyo inayoizuia isije kwako. Fundi akiichana asiirudishe, au vitundu vikizibwa na udongo, maji yanamwagikia ndani. Utikise mlango, wakati mwingine utayasikia yakicheza.

Yakiwa miguuni kwa abiria, kama yangu, washukiwa wako watatu. Bomba la kutolea maji ya AC linaweza kuwa limeziba: ukitumia AC siku ya joto na usione tone chini ya gari, anza hapo. Rejeta ndogo ya hita inaweza kuwa inavuja, na dalili zake ni harufu ya utamutamu, utando wa mafuta kiooni usiotoka kwa kitambaa kikavu, na kulanti, yaani maji ya kupozea injini, inayopungua kila wiki. Usiyaonje kamwe maji hayo, ni sumu, na usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Wa tatu ni mvua.

Nikakausha, nikatandika gazeti chini ya kapeti. Siku tatu zisizo na mvua nilitumia AC mfululizo: gazeti kavu. Usiku wa nne ikanyesha, gari limesimama tu nyumbani: gazeti limelowa chepe. AC nikaiondoa kwenye washukiwa, na hita pia, maana kulanti haikuwa imeshuka. Ikabaki mvua.

Jumamosi nikamwita mpwa wangu aje na ndoo na kopo, mimi nikajilaza miguuni kwa abiria na tochi.

"Mjomba, nimwage wapi?"

"Anzia chini, panda polepole. Usihame mpaka nikuambie."

Jambo hili msiliharakishe. Ukianza kumwaga juu, maji yatapita kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Kizingiti, kavu. Mlango, kavu. Kona ya kioo, kavu kabisa, na silikoni yangu pale. Alipomwaga chini ya wipa, nilisikia kwanza, halafu nikaona: tone moja likaning'inia kwenye kava la feni nyuma ya dashibodi, likadondoka shavuni kwangu. La pili likafuata.

Nyumbani kwetu Ujiji gari linalala chini ya mwembe. Tulipofungua mikono ya wipa na ile plastiki nyeusi chini ya kioo, tulikuta majani yaliyooza na maua ya mwembe yameshikana kama mkeka, meusi, yananuka. Matundu ya kupitishia maji yalikuwa yamezibwa yote mawili. Mvua ikijaa pale inakosa njia, inafurikia kwenye tundu la hewa, inashuka na feni. Tulizoa kwa mkono na kuchokoa kwa mpira laini. Waya usitumie, utatoboa raba.

Sponji ilichukua siku tano kukauka kwenye jua, na kuvu tuliisugua kwa maji ya sabuni. Usikubali kurudisha kapeti juu ya sponji mbichi, bati litaoza kwa kutu na waya zinazopita chini yake zitakuletea matatizo mengine. Viti vyenye waya chini visifunguliwe kabla ya kuondoa betri. Na manukato ya kuning'iniza, nisamehewe na wanaoyauza, yanaficha harufu inayokuonya.

Mwembe hatujaukata, maana kivuli chake tunakihitaji. Kila Jumamosi mpwa wangu anazoa majani chini ya wipa, anamwaga kopo mbili, kisha anainama kuhakikisha yanatokea nyuma ya magurudumu ya mbele, kushoto na kulia.