Kabla Hujamwita Ng'ombe Mkaidi

Juzi msomaji kaniandikia: "Daktari, ng'ombe wangu siku hizi mkaidi, anagoma kushuka mtoni, ukimkamua anarusha teke. Nimuuze?" Nikaweka simu mezani. Neno hilo "mkaidi" liliniharibia jina mwaka wangu wa kwanza kazini, Rungwe.

Bibi mmoja alikuwa na chotara wa Friesian, huyo huyo mmoja, ndiye ada ndiye sabuni. Maziwa yameshuka, majani ya Guatemala anayanusa tu. Nikaingia bandani moja kwa moja na kipimajoto. Homa kidogo. Nikachoma sindano, nikampa na dawa ya minyoo. Bibi akasema, "Mwanangu, huyu akishuka mteremko anaguna. Na halali siku hizi, anasimama tu." Nikamjibu huyo mkaidi tu, ng'ombe wana vituko vyao. Kiburi cha cheti kipya!

Baada ya wiki chache ng'ombe akachinjwa. Mchinjaji alipasua tumbo la pili, lile lenye matundu kama sega la nyuki, akachomoa waya wa kufungia nondo, urefu wa kidole. Jirani alikuwa anajenga. Ng'ombe humeza kwanza, kucheua baadaye, na chuma hutua humo. Tumbo likijikaza, waya husogea mbele, na mbele ya pale ni kiwambo, ule ukuta kati ya tumbo na kifua, halafu moyo. Mteremkoni uzito wote wa matumbo huegemea huko.

Bibi hakunilaumu. Afadhali angenitukana.

Siku hizi nasimama kwanza nje ya banda dakika 10. Mgongo umepinda? Viwiko vimetanuka? Anacheua? Ndipo namfinya nyuma ya mabega: mzima hubonyea, mwenye maumivu hukaza mgongo akaguna. (Usimjie kwa nyuma kabisa, hapo hakuoni, teke utakalokula ni la kujitakia.) Madaktari vijana, wekeni sindano chini kwanza, mtazame. Wafugaji nanyi, mkitupigia, simu mpeni anayekamua kila siku, si mwenye mali aliye mjini. Tazameni, jamani. Tazameni.

Msomaji wangu nimemwomba video ya ng'ombe akishuka. Imeingia jana jioni. Mguu wa mbele unatangulia, unasita, unarudi. Nimemwambia asiuze wala asichape, amsimamishe miguu ya mbele ikiwa juu kuliko ya nyuma. Kesho asubuhi nakwenda, na sumaku ya kummezesha, ikashike chuma humo tumboni, iko mfukoni.