Kitanda Kirefu na Koroboi ya Sakafuni: Kwa Wanaoanza Kubuni Ulimwengu wa Riwaya

Muswada wa riwaya yangu ya kwanza ya fantasia ulifika ukurasa wa 94 kabla mhusika yeyote hajafungua mlango. Nilikuwa nimechora ramani ya visiwa saba, nimepanga nasaba ya wafalme wa vizazi kumi na viwili pamoja na vita walivyopigana, nimebuni kalenda na kuzipa sarafu majina, na nilijiona nimefanya kazi kubwa. Jioni moja nilisoma baadhi ya kurasa hizo kwa sauti uani kwetu, hapa Himbi, mjini Goma, mbele ya marafiki watano wanaoandika kama mimi. Jirani yetu, mama anayeuza makala, yaani mkaa, alikuwa amekuja kudai deni lake, akakaa kwenye ngazi, akasikiliza mpaka mfalme wa nne, kisha akauliza: “Mwanangu, hao watu wako, maji wanachota wapi?”

Sikuwa na jibu. Nimekulia katika mji uliojengwa ukingoni mwa Ziwa Kivu, lenye kina cha zaidi ya mita 400, na bado kila asubuhi naona watoto wakipanda kutoka ziwani na bidoni za njano za lita 20, na chukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo, zikisukumwa kwa jasho zikiwa zimesheheni bidoni hizo hizo. Lakini katika visiwa vyangu saba hakuna mtu aliyewahi kuona kiu. Ninawaandikia ninyi, wadogo zangu mnaoanza kazi hii, kwa sababu swali la yule mama ndilo lililonifundisha kuandika, nami tangu siku hiyo nimelipanua kidogo tu: katika ulimwengu unaoubuni, ni jambo gani lililo tofauti na hapa kwetu, na ni nani anayelilipia kila siku?

Jambo hilo liwe moja. Anayeanza hutaka joka, mwezi wa pili, wafu wanaosema na mashine inayosoma mawazo, vyote katika sura moja, na matokeo yake ni kwamba hakuna hata kimoja kinachofuatwa mpaka mwisho wake. Sisi wa Goma hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Neno mazuku, ambalo wataalamu wa volkano wamelichukua kwetu na kuliingiza katika maandishi yao, ni jina la hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kujikusanya katika mabonde na mashimo ya mawe ya lava. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa karibu mara moja na nusu, haina rangi wala harufu ya kumwonya mtu, na hutulia chini hasa usiku na alfajiri, wakati hakuna upepo wa kuitawanya. Mtu mzima anaweza kupita akiwa amesimama mahali ambapo mbuzi amekufa, kwa kuwa pua yake iko juu ya hewa hiyo. Akiinama kumwinua yule mbuzi, huenda naye asiinuke.

Sasa likuze jambo hilo moja. Tuseme katika mji wako wa kubuni mazuku hupanda kila usiku, mji mzima, hadi kimo cha kiuno cha mtu mzima. Usiandike hadithi bado; uliza kwanza watu wanalala wapi. Watalala juu, katika vitanda virefu vyenye ngazi, na kwa kuwa mbao zina bei, urefu wa kitanda utakuwa kipimo cha utajiri, mahari itahesabiwa kwa kimo cha kitanda cha bibi harusi, na kumwambia mtu kwamba babu yake alilala chini litakuwa tusi la kupelekana mahakamani. Mtoto anayejifunza kutambaa atafungwa kamba kiunoni asianguke usiku. Mlevi hatafika nyumbani. Wezi watakuwa watu warefu, au watatembea juu ya magongo. Na kwa kuwa moto huzimika katika hewa ya namna hiyo, kila nyumba itaweka koroboi sakafuni jioni, na lazima awepo mtu wa kuitazama, ambaye taa ikizimika atapiga kelele ili wote wapande. Je, kazi hiyo ya kukaa chini mpaka dakika ya mwisho atapewa nani? Hatapewa baba mwenye nyumba, wala mtoto wa kiume aliyetarajiwa kwa miaka mingi. Atapewa yatima aliyeletwa na shangazi, na kufikia hapo hutafuti tena msuko wa matukio, kwa sababu unaye mtu, ana kazi inayoweza kumuua, na ana sababu ya kuichukia familia anayoilinda.

Nimekaa sana kwenye mfano huu kwa makusudi, kwa kuwa waandishi wengi wachanga hudhani kwamba kujenga ulimwengu na kusuka matukio ni kazi mbili, moja ya kumaliza kabla ya kuanza nyingine. Mimi nilipoteza miaka miwili kwa kuamini hivyo. Ramani ichoreni ikiwasaidia msisahau mto uko upande gani, lakini msiitegemee iwape hadithi.

Shida iliyonisumbua zaidi baada ya hapo ilikuwa ya mantiki. Yatima huyo, msichana niliyemtia katika riwaya yangu, nilimpa kipawa cha kuhisi mazuku kabla hayajafika, kwa sababu nilihitaji aokoe watu sokoni katika sura ya kumi na tisa. Rafiki yangu mmoja, fundi wa umeme ambaye hapendi kabisa riwaya, aliniuliza kwa nini basi mdogo wake yule msichana alikufa katika sura ya tatu, wakiwa chumba kimoja. Nilijibu kwamba msichana alikuwa amelala. Yeye akacheka tu, nami nikajua nimekamatwa. Kila uwezo unaompa mhusika hurudi nyuma na kuzikagua sura zote zilizotangulia, ukiuliza kwa nini haukutumika pale na pale. Tangu hapo ninaandika kila uwezo, kila chombo na kila mlango wa siri katika daftari, kisha ninapitia sura moja moja nikitafuta mahali ambapo kitu hicho kingemaliza hadithi mapema. Kwa yule msichana niliweka kikomo: hawezi kuhisi mazuku mpaka ainame ayavute kidogo, na kila mara akifanya hivyo hubaki na kizunguzungu cha siku nzima. Kikomo hicho nilikionyesha katika sura ya kwanza, katika jambo dogo la kutafuta sahani iliyoanguka uvunguni, ili kilipohitajika katika jambo kubwa msomaji asidhani nimekitunga wakati huo. Mdogo wake bado anakufa, lakini sasa anakufa kwa sababu dada yake aliogopa kuinama, na sura zote zinazofuata zinabeba uzito huo.

Wengine wenu mtapenda kuandika bunilizi za kisayansi, na najua mtakimbilia ziwa letu. Ziwa Kivu limebeba chini yake kaboni dioksidi iliyoyeyuka inayokadiriwa kuwa kilomita za ujazo 300, na methani ipatayo 60, na kila mtu aliyesoma kuhusu Ziwa Nyos la Kameruni, ambalo usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 lilitoa wingu la hewa hiyo na kuua watu wapatao 1,700, hutaka kulilipua Kivu katika ukurasa wa kwanza. Nimesoma miswada minne ya namna hiyo, na yote minne, baada ya mlipuko, ilikuwa na watu wachache wanaotembea juu ya maiti bila kujua waende wapi. Nadhani ziwa ambalo bado limetulia lina hadithi nyingi zaidi. Ng’ambo ya Rwanda, mtambo unaoelea huvuta maji kutoka kina cha mita zipatazo 350, huyatenganisha na methani, na tangu 2016 umekuwa ukizalisha umeme wa megawati zipatazo 26. Yaani tayari wapo watu ambao kazi yao ya zamu ya usiku ni kuketi juu ya hatari hiyo na kuiuza. Isogezeni mbele miaka mia moja mkaulize ni nani anayeshika vali, ni nani anayekatiwa umeme, na mvuvi wa sambaza anaambiwa nini anapokatazwa kutega mahali ambapo baba yake alitega.

Kwa kuwa nimewataja sambaza, kuna kosa jingine ambalo samaki hao wanaweza kuwaponya. Ulimwengu wa wanaoanza huwa wa kale kupita kiasi: kila desturi ina miaka elfu tatu, kila ukuta ulijengwa na mababu waliosahaulika. Lakini sambaza, ambao mgeni angedhani tunawala tangu enzi za mababu, waliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na sehemu ya katikati ya mji wetu imejengwa juu ya lava iliyoshuka tarehe 17 Januari 2002. Hata ziwa lenyewe zamani lilitiririka kuelekea kaskazini, mpaka volkano za Virunga zilipoziba njia na maji yakageukia mto Ruzizi upande wa kusini. Ulimwengu unaoaminika huchanganya mambo ya kale sana na mambo ambayo bibi wa mhusika aliyaona yakianza, na mara nyingi haya ya pili ndiyo watu wanayoyagombania.

Umbali na muda ni mambo ya kupitia haraka, ila msiyapuuze. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipofunguka, nilitoka nyumbani na mama yangu kuelekea Sake, safari ya kilomita kama 25, nikajifunza kwamba mwendo wa familia ni mwendo wa mtu aliye dhaifu kuliko wote, na kwamba wanachobeba watu huwa hakifanani na wanachobeba wakimbizi wa riwayani. Niliona magodoro mengi, niliona cherehani juu ya kichwa cha mwanamke mmoja, na niliona kijana aliyebeba mlango. Niliporudi nikafungua muswada, nikakuta mhusika wangu ameshuka kutoka kileleni, amevuka mji wenye watu wanaokimbia, amezungumza na chifu na kurudi alikotoka kabla ya chakula cha jioni. Niliifuta sura yote.

Lipo jambo moja ambalo nyenzo za uandishi zinazotoka nje haziwezi kuwasaidia, nalo ni upatanisho wa kisarufi. Ukibuni mashine yenye akili, sentensi yako ya kwanza kuihusu itakulazimisha kuamua kama ilisema au alisema, na uamuzi huo unatangaza kama katika ulimwengu huo mashine inahesabiwa kuwa mtu. Walimu wetu walitufundisha kwamba viumbe hai wote hufuata ngeli ya A-WA, lakini methali ya wazee inasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na ile “li” inamweka zimwi mbali nasi hata kabla hajafanya lolote. Tumieni nafasi hiyo. Katika hadithi fupi niliyoandika mwaka jana, maofisa wa mji wanasema “kile” wanapotaja kiumbe kilichotoka ziwani, mtoto aliyekipa chakula anasema “yule”, na msimulizi anahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine katikati ya aya bila kueleza. Mhariri alidhani ni makosa ya sarufi akayasahihisha yote. Ilinibidi nimwandikie barua ndefu. Vilevile kiambishi “a” hakisemi kama mtu ni mwanamume au mwanamke, kwa hiyo unaweza kuificha siri hiyo sura kumi bila hila yoyote, mradi ukumbuke kwamba neno moja kama “shangazi” litaivunja.

Hesabu yetu ya saa nayo ina mtego wake. Saa moja ya asubuhi ina maana kwa sababu karibu na ikweta jua huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima. Ukiwapeleka watu wetu Mirihi, ambako siku ni ya saa 24 na dakika kama 39, lazima uamue hizo dakika za ziada wanaziweka wapi, na kama wazee watakubali. Na wakiongea na ndugu zao wa Goma, ujumbe utachukua kati ya dakika 3 na 22 kwenda tu, kutegemea sayari hizo ziko wapi. Mazungumzo ya simu ya kugombana, ambayo wanaoanza huyapenda sana, hayawezekani, lakini mama anayesubiri zaidi ya nusu saa ajue kama mwanawe amemwelewa au amekasirika ni tukio ambalo mimi ningelisoma kwa hamu.

Zile kurasa 94 bado ninazo katika bahasha. Nimetoa humo jina la kisiwa kimoja na desturi moja ya mazishi. Riwaya sasa inaanza na msichana anayempandisha mdogo wake kitandani kwa ngazi yenye vidato vitano, cha tatu kimevunjika, na chini yao koroboi imeanza kupepesuka. Maji wanachota adhuhuri, wakati upepo wa ziwani umekwisha kuyafagia mazuku, na anayechelewa hulipa mara tatu kwa wenye matangi ya juu ya paa. Jibu hilo nilimpelekea jirani yangu pamoja na fedha zake. Alizihesabu, akazifunga katika ncha ya kitenge, akafikiri kidogo, kisha akauliza: “Na makala, wanachomea wapi?”