Siku ya 14 si ya kila mwanamke

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 29, na mimi na mume wangu tuna miezi minane tunatafuta mtoto. Mzunguko wangu haueleweki. Nimeuandika mara sita: siku 31, 36, 33, 35, 32 na huu wa mwisho 34. Siku za hatari, yaani ya 13, 14 na 15, hatujawahi kuzikosa. Katika mzunguko huu wa mwisho nilipima homoni ya progesteroni siku ya 21, ikaonekana iko chini, nikaambiwa yai halipevuki. Hedhi ikaja wiki mbili baada ya kipimo hicho. Sasa kuna dada anauza dawa za asili, anasema homoni zimevurugika na kizazi ni kichafu, nikisafisha kwa dozi ya shilingi 85,000 nitashika mimba. Hela ninayo. Nitumie? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo hela usiitoe. Umeniandikia namba sita, na namba hizo zina majibu kuliko chupa zote anazouza huyo dada.

Unasema mzunguko wako haueleweki. Mbona unaeleweka? Mfupi siku 31, mrefu siku 36, tofauti yake siku 5. Shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake na uzazi, FIGO, linahesabu mzunguko wa siku 24 hadi 38 kuwa wa kawaida, na kwa umri wako tofauti ya mpaka siku 7 kati ya mfupi na mrefu si tatizo. Hapo huna cha kurekebisha. Kilichokupoteza ni hiyo siku ya 14 uliyoishika kama amri.

Hakuna kinachonichosha kliniki kama hiyo siku ya 14. Anaingia mwalimu, anaingia mama wa sokoni, anaingia hata muuguzi, wote wanayo kichwani. Wameitoa kwenye mchoro wa kitabu cha baiolojia, ule wa mzunguko wa siku 28, uliochorwa ili mwanafunzi aelewe somo. Haukuchorwa ili mke na mume waupangie ratiba ya kukutana. Mwaka 2000 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa wanawake 221 waliofuatiliwa kwa vipimo vya mkojo. Ni kama asilimia 30 tu ambao siku zao zote za hatari ziliangukia kati ya siku ya 10 na ya 17. Na hao walikuwa wanawake wenye afya njema, wengi wao mizunguko yao imetulia.

Sehemu ya kwanza ya mzunguko, yai linapokuzwa, ndiyo inayorefuka na kufupika. Safari, msiba, homa, kupungua uzito ghafla, vyote vinaweza kuisogeza. Sehemu ya pili, tangu yai litoke mpaka damu ije, haichezi sana. Kwa wanawake wengi ni siku 12 hadi 16. Daktari wa Japani, Kyusaku Ogino, alilionyesha hilo mwaka 1924. Ni karne nzima sasa, na bado tunahesabu kwa kwenda mbele wakati inatakiwa tuhesabu kwa kurudi nyuma kutoka hedhi inayofuata.

Chukua 31, toa 14: siku ya 17. Chukua 36, toa 14: siku ya 22. Ninyi mmekuwa mkikutana siku ya 13 hadi 15. Katika mzunguko wa siku 31 mliwahi, maana mbegu za mwanamume zinaweza kukaa hai mpaka siku 5 ndani ya mwili wako. Katika ule wa siku 36, mlipojipongeza kwamba mmemaliza siku za hatari, yai lilikuwa bado wiki nzima halijatoka, na likitoka linaishi saa 12 hadi 24 basi. Hiyo miezi minane mnayoihesabu, mingine hamkujaribu kwa kweli.

Kipimo chako nacho kimeharibiwa na kosa hilohilo. Progesteroni, homoni inayopanda yai likishatoka, hupimwa kama siku 7 kabla ya hedhi inayofuata, ndipo inapokuwa juu kabisa. Kwa mwenye siku 28 hiyo ni siku ya 21, na ndiyo maana watu wameikariri. Wewe ulipima siku ya 21, hedhi ikaja wiki mbili baadaye. Maana yake ulitolewa damu karibu siku ileile yai linatoka, kabla homoni haijaanza kupanda. Ingekuwa juu ingenishangaza! Aliyekusomea majibu alipaswa kukuuliza swali moja tu, mzunguko wako una siku ngapi, na asingekupeleka nyumbani unalia. Rudia kipimo siku ya 27, kisha andika hedhi imekuja siku ngapi baada yake. Ikija baada ya siku 5 hadi 9, majibu hayo yana maana. Isipokuja, rudia wiki moja baadaye.

Kuanzia sasa kutaneni kila siku ya pili kuanzia siku ya 13 hadi ya 25, bila kusaka siku moja ya dhahabu. Tazama pia ute. Ukienda chooni, jifute kabla ya haja ndogo, chukua kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, vitenganishe polepole. Ute mzito unaokatika kama gundi, bado au umeshapita. Ute mwepesi, wenye kung'aa kama ute wa yai bichi, unaovutika bila kukatika, ndio wenyewe, na unaweza kuuona siku kadhaa kabla yai halijatoka. Joto la mwili la asubuhi kabla hujaamka kitandani hupanda kidogo, nyuzi 0.2 hadi 0.5, lakini hupanda yai likishatoka, kwa hiyo linathibitisha tu, halikuonyi mapema. Programu za simu nazo zinakisia kutokana na wastani wa tarehe ulizoziingiza. Simu haina jicho la kuona yai.

Kuhesabu nako kuna mitego. Siku ya kwanza ni siku damu inapoanza kutoka vizuri, na matone ya jana yake hayahesabiwi. Wapo wanaoanza kuhesabu siku ya kujitwaharisha, siku tano au saba zimeshapotea, halafu kila kitu kinachofuata kinakuwa kosa. Wengine huja wamefadhaika kwamba wanaona hedhi mara mbili kwa mwezi: tarehe 2 na tarehe 30. Hesabu mwenyewe hapo, ni siku 28 kamili.

Daftari hilo usilitupe ukishapata mtoto. Miaka ya usoni ndilo litakalokusemea. Andika siku ya kwanza, siku ya mwisho, umebadilisha pedi ngapi, maumivu yamekuzuia kazi au hapana, na dawa uliyotumia, ikiwemo P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, maana P2 inahamisha tarehe; sindano na kijiti vya uzazi wa mpango vinaweza kuiondoa hedhi kabisa. Mwanamke ambaye hatumii dawa hizo, hana mimba wala hanyonyeshi, akipitisha miezi mitatu bila hedhi, aje. Mara nyingi tunakuta ovari zenye vifuko vingi, au tezi ya shingo ina shida, au homoni ya maziwa iko juu. Ukiliacha hilo miaka na miaka, ukuta wa kizazi unajengeka bila kubanduka, na huko mbele unaweza kugeuka saratani. Anayelowesha pedi kila saa au mbili, anayetoa mabonge makubwa, aje tumtazame uvimbe wa kizazi na tumpime damu. Anayetoka damu baada ya tendo la ndoa aje leo, tumwangalie mlango wa kizazi. Na binti anayezimia kwa maumivu kila mwezi asiambiwe ni chango, ataolewa liishe. Huenda ni ukuta wa kizazi unaoota nje ya kizazi, na ndoa haiutibu.

Sasa nije kwa huyo dada na wenzake, maana wamejaa kwenye simu zetu. Kizazi hakiwi kichafu. Hedhi ni ukuta wake wa ndani unaobanduka, na damu nyeusi ni damu iliyokawia njiani, wala si sumu. Zile picha za vitu vinavyofanana na kamasi zinazosambazwa kwamba “uchafu umetoka”, ni majimaji na ngozi laini ya uke iliyochubuliwa na dawa yenyewe iliyoingizwa humo. Nimempokea binti amebeba chupa nne kwenye mfuko wa plastiki, amekunywa na kujiweka kwa miezi mitano, anawaka homa na hawezi kukaa. Hakuna muuzaji hata mmoja aliyemuuliza tarehe ya hedhi yake ya mwisho. Tulipompima baadaye, mirija yote miwili ilikuwa imeziba. Klamidia na kisonono huziba mirija kimyakimya huku hedhi inakuja kwa tarehe zake, na hakuna cha kunywa kinachoizibua.

Wa duka la dawa anayekuuzia klomifeni bila vipimo, ati ya mapacha, simtofautishi na hao. Ile ni dawa ya kusukuma mayai kwa asiyepevusha, na hutolewa kwa kipimo cha picha na usimamizi. Haifungui mirija, wala haiongezi mbegu za mume. Mume wako naye apime, karibu nusu ya kesi za kukosa mtoto zina mkono wa mwanamume. Akae siku 2 hadi 7 bila kutoa mbegu, apeleke sampuli, wala hakuna kisu. Mkifikisha miezi kumi na miwili ya kukutana kwa siku sahihi bila mimba, njooni wote wawili. Aliyevuka miaka 35 asingoje zaidi ya miezi sita.

Jambo moja nalisema kwa uzito wake, kwako na kwa yeyote aliyekwishaanza dozi hizo. Hedhi ikichelewa, halafu vikaja vidamu kidogo vya rangi ya kahawa na maumivu upande mmoja chini ya kitovu, muuzaji atakwambia dawa inafanya kazi, vumilia, uchafu unashuka. Inaweza kuwa mimba imetunga kwenye mrija, na mrija ukipasuka damu inavujia tumboni usikoiona. Pima mimba saa hiyohiyo. Ikionyesha ipo, na zaidi ukihisi kizunguzungu au bega linauma bila sababu, usingoje asubuhi. Amsha watu wakupeleke hospitali yenye chumba cha upasuaji, usiku uleule.